Huyu Asili Yake Wapi?



Twaomba nafasi katika karatasi hii ya chama tulieleze jambo ambalo wengi wetu hulizungumza barazani kwa sauti ya chini, na likitokea mkutanoni tukaligeuzia uso. Nalo ni suala la asili ya mtu: nani mzawa na nani mgeni, nani wa ukoo na nani wa kuja. Hatukuliandika mapema kwa sababu tulikuwa tukiona haya. Leo twaliandika kwa sababu haya yetu imemdhuru mtu asiyekuwa na kosa.

Mkutano uliopita wa tawi letu hapa Pemba ulikuwa wa kumchagua katibu. Likatajwa jina la kijana mmoja ambaye sote twamjua. Yeye ndiye mwandishi wa barua za tawi, yeye ndiye mkusanyaji wa ada nyumba kwa nyumba, na hesabu yake haijapungua hata shilingi moja. Kabla ya kupigwa kura, mzee mmoja akasimama akauliza: "Huyu asili yake wapi?" Hakuongeza neno, wala hapakuwa na haja ya kuongeza, kwani kila aliyekuwapo alijua kwamba babu yake kijana yule alikuja hapa kutoka Unyamwezi kuchuma karafuu, akaoa hapa, akafia hapa, akazikwa hapa. Watu wakanyamaza. Kijana akainuka, akasema kwa adabu kwamba analiondoa jina lake, kisha akaenda kukaa nyuma karibu na mlango. Akachaguliwa mwengine, ikasomwa dua, tukatawanyika.

Sisi tulikuwapo. Tulikaa safu ya pili, na tulinyamaza kama wenzetu. Na katika watu wote waliokuwapo siku ile, sisi ndio tuliokuwa na sababu kubwa zaidi ya kusema. Sababu hiyo tunaitaja sasa, ingawa imechelewa.

Katika duka letu, ukutani juu ya mizani, pana fremu ya kioo yenye karatasi ya nasaba. Marehemu babu yetu mzaa baba aliinakili kwa mkono wake, kwa hati nzuri ya Kiarabu. Ina majina tisa, jina juu ya jina, mpaka likafika jina la mtu wa Hadhramaut. Wateja huitazama wakingoja kupimiwa sukari, na wako wanaotuongezea heshima kwa ajili yake. Tangu utotoni tuliizoea heshima hiyo kama mtu anavyozoea kivuli cha mti alioukuta umeshapandwa. Hatusemi kwamba karatasi ile ni ya uongo. Twasema kwamba haisemi yote.

Karatasi ile ina majina ya wanaume watupu. Tulipokuwa watoto tukiuliza mama yake babu alikuwa nani, tuliambiwa alikuwa binti wa watu wa Mkumbuu, basi, na mazungumzo yakageuzwa. Bibi yetu, mkewe babu, ndiye aliyetueleza kweli katika ugonjwa wake wa mwisho, baada ya babu kufariki. Alisema hataki kwenda kaburini na amana ya mtu mwengine.

Mama yake babu yetu alikuwa mjakazi. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba wa Sayyid Barghash na Waingereza, lakini majahazi yaliendelea kuvusha watu kwa magendo miaka mingi baada ya hapo, na Pemba, kwa ajili ya mashamba yake ya karafuu, ilikuwa ni mojawapo ya pahala walipoteremshwa. Yeye aliteremshwa usiku, naye ni mtoto mdogo. Jina la kwao hakulikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba kwao palikuwa na maji makubwa kama bahari, ila hayakuwa ya chumvi. Bwana wake alimpa jina la kitu cha kunukia kinachouzwa dukani, kama ilivyokuwa ada ya kuwaita wajakazi. Sayyid Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa katika sheria, uhuru haukumwendea mtu nyumbani: ilimbidi mtumwa aende mwenyewe kuuomba. Yeye alikwenda. Akaandikwa huru, na katika kuandikwa akapewa baba asiyekuwa baba yake, kwa kuwa wa kwake hajulikani.

Akaolewa na mtu wa ile karatasi ya ukutani, akamzaa babu yetu, mumewe akafariki mapema. Alisuka ukili. Kwa ukili na mikeka alimlisha mwanawe, na kwa ukili na mikeka alimlipa mwalimu wa chuo aliyemfundisha mwanawe Kurani. Fedha iliyobaki ikawa mtaji wa kibanda ambacho babu alikifungua akiwa kijana, na kibanda hicho ndicho duka letu la leo. Babu akamsomesha baba yetu, na baba akatusomesha sisi. Hivyo basi, alif ya kwanza tuliyoitamka sisi ililipiwa kwa vidole vya mjakazi. Hadhramaut imetupa jina, nasi twashukuru. Lakini chakula, elimu na duka vimetoka kwa mwanamke ambaye jina lake halimo katika fremu.

Ndugu zetu, wazee wetu wana methali isemayo: mwacha asili ni mtumwa. Methali hii hupenda kusemwa na watu wa aina yetu, wenye karatasi ukutani. Basi tuitazame vizuri. Mama yule hakuiacha asili yake. Asili yake alinyang'anywa, na hata hivyo alilishika lile ziwa moyoni mpaka akafa. Walioiacha asili ni sisi, tuliomgeuza kuwa binti wa Mkumbuu ili majirani wasituteremshe daraja. Kwa hukumu ya methali yetu wenyewe, ni nani hapo mtumwa?

Na dini yetu haituruhusu mambo haya mawili tuliyoyachanganya, yaani kuficha nasaba na kujifakhirisha kwa nasaba. Suratul Ahzab, katika aya ya tano, inaamrisha watu waitwe kwa baba zao wa kweli, na waliosoma wanajua kwamba aya hiyo inahusiana na khabari ya Zaid bin Haritha. Suratul Hujurat, katika aya ya kumi na tatu, inafundisha kwamba mataifa na makabila yamewekwa kwa ajili ya kujuana, na kwamba daraja ya mtu mbele ya Mola wake ni kwa uchamungu. Kujuana ni kitu kimoja, na kupimana ni kitu chengine. Mtume, Sallallahu alayhi wa sallam, alimweka Usama bin Zaid kuwa amiri wa jeshi lililokuwa na masahaba wakubwa ndani yake, naye Usama ni kijana wa miaka ipatayo ishirini, baba yake aliwahi kuwa mtumwa, na mama yake ni Ummu Ayman wa asili ya Uhabeshi. Wako walionung'unika siku ile pia. Manung'uniko yao hayakusikilizwa.

Na hao Waarabu ambao wengi wetu twapenda kujinasibisha nao, nasaba yao wanaipandisha mpaka kwa Nabii Ismail, na mama yake Ismail ni Bibi Hajar, ambaye wanachuoni wanasimulia kwamba alikuwa mjakazi. Tushuke karibu zaidi. Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, watoto wote aliowaacha walikuwa wamezaliwa na masuria. Mama yake Sayyid Majid alikuwa Msarkasi, na mama yake Sayyid Barghash alikuwa Mhabeshi. Kwa sheria yetu mtoto wa suria ni huru na anarithi sawa na nduguze. Kiti cha enzi chenyewe, basi, kilikaliwa na watoto wa masuria, na hakuna aliyethubutu kuwauliza mama zao wametoka wapi. Swali hilo tumewawekea wanyonge peke yao.

Wako watakaosema: "Lakini sisi ni Washirazi, tumekuwapo hapa tangu kale." Hatubishi ukale. Msikiti wa Kizimkazi una maandishi ya mwaka 500 wa Hijra, sawa na 1107 wa Miladi, na kila Mzanzibari ana haki ya kuona fakhari kwa mawe yale. Lakini tusikilize pia wanayosema wataalamu wa zama hizi. Mwezi wa Machi 2023 lilitoka katika jarida la Nature andiko la wataalamu waliochunguza vinasaba katika mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya mwambao kama vile Mtwapa, Manda, Kilwa na Songo Mnara. Walikuta kwamba Waajemi walikuja kweli, na kwamba kuchanganya damu kulianza kiasi cha miaka elfu iliyopita. Vile vile walikuta kwamba waliokuja kutoka Uajemi walikuwa wanaume zaidi, na upande wa wanawake ulikuwa ni wa Afrika kwa sehemu kubwa kabisa. Kwa maneno mengine, simulizi ya wazee wetu haikuwa uongo. Ilikuwa nusu ya kweli, kama karatasi yetu ya ukutani. Ilimtaja baba, ikamwacha mama.

Sasa tuulize: ni nani aliyeligeuza swali la asili kuwa silaha katika visiwa hivi? Zamani pia watu walijuana kwa makabila, wakachaguana katika ndoa, wakatambiana, na utumwa ulikuwapo, wala hatuwezi kuukanusha. Lakini serikali ya kikoloni ndiyo iliyoandika mambo hayo katika madaftari na kuyafungia haki. Katika Baraza la Kutunga Sheria lililoundwa mwaka 1926, viti vilitazamiwa kwa rangi na jamii, na Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka mwaka 1946. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili mgao wa chakula nao ulifuata jamii ya mtu, kiasi cha kwamba jina la kabila likawa na thamani ya mchele. Ndipo haishangazi kwamba baina ya hesabu moja ya watu na nyengine, maelfu ya watu wale wale, wakiwa katika nyumba zile zile, waliyabadilisha majina ya asili zao. Waliojiita Waswahili mwaka 1924 walikuwa wengi, na mwaka 1931 wakawa wachache mno. Hawakufa. Walitafuta jina lenye mlango.

Zikaja zama za siasa. Mwaka 1957, katika uchaguzi wa kwanza, wapinzani wa Sheikh Abeid Amani Karume walidai kwamba yeye si mzawa na hana haki ya kugombea. Dai lao lilishindwa, akagombea Ng'ambo, akashinda. Basi mjue kwamba swali aliloulizwa kijana wetu katika tawi si jipya, na kwamba liliulizwa na watu waliodhani litawafaa. Halikuwafaa. Mwaka uliofuata watu walisusiana maduka, na sisi wenye maduka tulirithishwa khabari hizo: mteja wa miaka yote alikuwa akipita mlangoni bila ya salamu. Watu walisusiana mazishi, ndoa zikavunjika. Mwezi wa Juni 1961 wakauawa watu 68 katika ghasia za uchaguzi. Tarehe 12 Januari 1964 swali lile likageuzwa upande wa pili, na safari hii aliyeulizwa asili yake hakupewa nafasi ya kwenda kukaa karibu na mlango. Wako waliouawa, wako waliokimbilia Oman na Uingereza na kwengineko, na wako waliobaki wakajifunza kunyamaza. Swali halina rafiki. Leo liko mkononi mwako, kesho liko shingoni mwako.

Na sisi wa chama hiki ndio tulio na wajibu mkubwa zaidi wa kulikataa, kwa sababu twaujua uchungu wake. Tangu vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, ni mara ngapi upinzani wa visiwa hivi umeambiwa kwamba wafuasi wake ni vizalia vya Sultani, na kwamba nchi si yao? Sheria ya Mzanzibari ya mwaka 1985 inatazama nani alikuwa mkaazi wa visiwa hivi mpaka tarehe 12 Januari 1964, na kizazi chake. Tangu kitambulisho cha Mzanzibari kilipowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, wangapi katika sisi wamelalamika kwamba wamesimama mbele ya meza wakaulizwa wazee wao ni wa wapi, hali wamezaliwa nyumba ya pili kutoka meza ile? Tukilalamika juu ya hayo, tunasema kweli. Lakini tutalalamika kwa uso gani, ikiwa katika mkutano wetu wenyewe, pasipo kulazimishwa na serikali yoyote, tunamwekea mwenzetu meza ile ile?

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba nasaba haina kazi. Sheria inaihitaji ili kujua nani mahram na nani si mahram, nani anarithi na nani amezuiliwa. Mtu asiyewajua wazee wake hajui deni gani limo shingoni mwake. Na hapo ndipo ilipo kazi yake kubwa: nasaba hutuambia tunadaiwa na nani. Sisi tunadaiwa na mama mmoja msuka ukili. Malipo yake si kumtundika ukutani tupate sifa, bali ni kumtendea mtu wa kuja wa leo kama tungependa yeye angetendewa alipoteremshwa jahazini.

Sisi ni wauza duka, na twajua jambo moja la kazi yetu. Katika daftari la mkopo hatuandiki babu yake mdaiwa alitoka wapi. Twaandika jina, kiasi na tarehe, na baada ya miezi kadhaa daftari lenyewe hutuambia nani mwaminifu. Wako wenye nasaba ndefu ambao kurasa zao hazijafutwa mpaka leo, na wako wachumaji wa karafuu waliolipa siku ya ahadi kabla ya jua kutua. Ikiwa kwa kilo moja ya unga twatumia busara hiyo, vipi tusiitumie kwa uongozi wa chama?

Na mtu akifa, hafuatwi na majina tisa yaliyomtangulia. Sote tulifundishwa chuoni yanayobaki baada ya mauti: sadaka yenye kuendelea, elimu yenye kunufaisha, na mtoto mwema wa kumwombea. Mama yule hakuacha jina wala shamba, lakini yote matatu aliyaacha.

Kwa hivyo tuna maombi matatu. La kwanza, katika chaguzi za matawi swali la asili lisiulizwe, na mwenyekiti alikatae hapo hapo. Tuulize: amelipa ada? amefanya kazi gani? akipewa fedha hurejesha hesabu? La pili, kila mmoja akawaulize wazee wake waliobakia khabari za upande wa mama kama anavyouliza za upande wa baba, aziandike, na akikuta jambo alilofichwa asilifiche tena. Tuna yakini kwamba tukifanya hivyo kwa ukweli, hatabaki katika tawi hata mmoja mwenye ujasiri wa kusimama kuuliza. La tatu ni juu yetu wenyewe, nalo tumeanza kulitimiza.

Juzi tuliishusha ile fremu. Kwa kalamu tumeandika chini ya jina la baba yake babu yetu jina la mkewe, lile jina la kitu cha kunukia, kwa kuwa hatuna jengine, na mbele yake tukaandika: aliyesuka ukili, kwao ni penye ziwa. Kisha tumeirudisha juu ya mizani. Wateja wamekwisha kuisoma. Mmoja alicheka, mmoja alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akatueleza khabari ya bibi yake.

Usiku wake tulikwenda nyumbani kwa kijana yule kumtaka radhi kwa ukimya wetu. Alitupokea kwa kahawa, na neno baya hakusema. Tumemwomba akubali jina lake lirudishwe pindi nafasi ikipatikana, naye hajatujibu, na ana haki ya kutotujibu. Lakini akikubali, tutasimama sisi kulitaja, kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Na yeyote atakayeuliza asili yake wapi, tutamwomba kwanza apite dukani kwetu akasome yetu.

Wabillahi tawfiq.